UZI: CME (mafunzo endelevu ya wahudumu wa afya) ya Jumatano inajaza rejista ya mahudhurio, kazi wodini iko vilevile. Tuipange vipi?

Mratibu_Nyando (mwenye uzi)

Wadau, habari za kazi. Swali hili ni la wanaoratibu mafunzo ya wahudumu wa afya waliokwisha kuhitimu.

Chukulieni hospitali ya ngazi ya nne huku Kisumu: wauguzi 22, maafisa wa kliniki 6, madaktari 2, maabara 4, famasia 2. CME ni Jumatano saa nane mchana, saa nzima, mtoa mada mmoja, projekta na slaidi zaidi ya hamsini. Watu hutia sahihi, husikiliza, hurudi wodini. Mada ya kutokwa na damu baada ya kujifungua imerudiwa mwaka huu, na makosa ni yaleyale.

Kila mkutano wa kaunti utasikia "tumieni kanuni za kufundisha watu wazima". Haya, kanuni hizo zinageukaje kuwa kipindi chenye dakika na vifaa? Naomba majibu ya kutumika wiki ijayo.

---

MkungaMkufunzi_Kakamega

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Nitaanza na nadharia kidogo, kisha tuingie leba.

Malcolm Knowles, Mmarekani aliyelieneza neno andragojia, yaani ufundishaji wa watu wazima, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alisisitiza mambo ambayo kila mwuguzi atayatambua. Mtu mzima hutaka kujua kwanza kwa nini ajifunze jambo. Hujiona ni mwenye kujiamulia. Huja na uzoefu wake. Huwa tayari kujifunza pale kazi inapomdai, na hulitaka somo linalotatua shida iliyo mbele yake. Sasa litazameni darasa la slaidi hamsini: linavunja karibu yote hayo kwa wakati mmoja. Mkunga wa miaka 15 anaelezwa damu ni nini.

Kipindi chenyewe huanza wiki moja kabla, kwenye rejista. Chukua vizazi vya miezi mitatu iliyopita, hesabu vitu vitatu: vizazi vyote, vilivyoandikiwa kiasi cha damu, na idadi iliyoandikwa 150 au 200 ml. Usiandike jina la mtu yeyote. Mara nyingi utakuta karibu safu nzima ni namba hizo mbili, kwa sababu ziliandikwa kwa mazoea na wala hazikupimwa.

Siku yenyewe, dakika 40 zinatosha:

Dakika 5 za kwanza, andika zile namba tatu ubaoni na uulize, "Mnaona nini?" Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa mkufunzi, lakini ukijijibu mwenyewe umeliua somo. Kundi likisema lenyewe kwamba damu haipimwi, sababu ya kujifunza imeshapatikana bila kuhubiriwa.

Dakika 10, vituo vinne vya damu bandia. Kila mtu anapita kimya na kuandika makadirio yake kwenye karatasi kabla ya kuongea na yeyote. Ndipo unapotoa vipimo halisi. Watu wengi hukadiria chini, na kadiri damu inavyozidi ndivyo pengo linavyopanuka.

Dakika 15, zoezi la dharura kwa timu za watu watatu au wanne, na mmoja anashika saa.

Dakika 7 za kuzungumza yaliyotokea. Dakika 3 za mwisho, kila mtu anaandika jambo moja atakalolibadilisha kwenye zamu yake inayofuata, karatasi inabaki kwake.

Kwa nini damu ipimwe? Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023 ulifanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, katika hospitali 80. Pale walipotumia mfuko wa plastiki wenye vipimo chini ya mama na kutoa matibabu yote kwa pamoja, waliotokwa damu kupita kiasi walitambuliwa kwa asilimia 93, dhidi ya 51 kwa utaratibu wa kawaida. Madhara makubwa yalikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Hizo mpe mkunga baada ya kukosea makadirio kwa macho yake mwenyewe. Ukimpa kabla, anaziona ni takwimu za watu wengine.

---

Mratibu_Nyando

Asante sana, sista. Damu bandia inatengenezwaje bila bajeti? Na timu zifanye nini hasa katika zile dakika 15?

---

MkungaMkufunzi_Kakamega

Damu: maji lita 2, unga wa mahindi uliolainika vijiko vya mezani 4, chemsha uwe uji mwepesi sana, acha upoe, tia rangi nyekundu ya keki. Maji matupu hayafai, hunywewa na kitambaa haraka na kuenea kuliko damu. Kituo cha 1, pedi iliyolowa kabisa. Cha 2, leso yenye 300 ml. Cha 3, 500 ml ndani ya bakuli la chuma. Cha 4, lita moja iliyogawanyika: nusu kwenye shuka kuukuu, robo kwenye pedi, robo sakafuni juu ya nailoni. Kituo cha 4 ndicho kinachofundisha zaidi kwa sababu ndivyo damu inavyojificha kwa kweli. Pima kwa jagi kabla ya kumwaga.

Mahali pasipo mfuko wa vipimo, fundisha mizani: pima pedi na leso zikiwa kavu, kisha zikiwa zimelowa. Gramu moja ichukulie ni mililita moja, inakaribia vya kutosha.

Zoezi: mama bandia ni mfanyakazi mwenzao aliyelala kitandani, si lazima mwanasesere. Mmoja anasugua mji wa mimba. Mwingine anaweka dripu na oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba). Wa tatu anaandaa asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu isiendelee kutoka) gramu 1 kwa mshipa, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kisha ukaguzi: kibofu, kondo la nyuma kama limetoka lote, michubuko ya njia ya uzazi. Na kuita msaada mapema.

Linaloharibika mara nyingi ni hiyo traneksamiki. Dozi hiyo ni mililita 10 na watu huisukuma yote kwa pumzi moja, shinikizo la damu linashuka. Ni dakika 10, yaani mililita 1 kwa dakika. Mfanye mtu asukume maji kwa saa halisi dakika zote kumi. Atachoka mkono, lakini mkono ndio utakaokumbuka.

---

Mfamasia_Bungoma

Sista amesema vema, ila niongeze swali la kuulizwa kabla ya kupanga CME yoyote: je, mhudumu huyu angeweza kuifanya kazi hii leo kama kila kitu kingekuwa mkononi? Jibu likiwa ndiyo, hapo huna upungufu wa elimu. Kama traneksamiki inafungiwa famasia saa kumi na moja jioni na ufunguo unaondoka na mtu, hata mfundishe kila wiki haitafika leba usiku. Oksitosini nayo inahitaji nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye trei juu ya meza ya leba mchana kutwa katika joto la huku ziwani, mkunga mwenye ujuzi kamili atapata matokeo mabaya.

Mtu mzima anajua hili. Ukimfundisha jambo ambalo kikwazo chake ni kabati, anaona humheshimu, na CME ijayo haji. Tengenezeni kisanduku cha dharura cha leba chenye orodha kifunikoni, kikaguliwe kila makabidhiano ya zamu. Hapo ndipo zoezi la sista lina maana.

---

AfisaKliniki_Busia

Naungana na mfamasia. Nataka nilete upande mwingine wa "uzoefu wa mwanafunzi", maana watu huusifu tu. Uzoefu pia huzuia. Mfano mzuri ni artesuneti ya sindano kwa malaria kali, dawa tunayoitumia kila siku ukanda huu wa ziwa.

Kipimo cha zamani kilikuwa 2.4 mg kwa kilo kwa kila mtu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha: mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe 3 mg kwa kilo, na kuanzia kilo 20 kwenda juu ibaki 2.4. Aliyehitimu kabla ya hapo ameizoea 2.4 kama jina lake. Slaidi moja haiwezi kuing'oa.

Njia inayofanya kazi ni kumwacha mtu agongane na jibu lake. Gawa karatasi yenye watoto wawili tu: mmoja kilo 19, mwingine kilo 20. "Nani anapata dawa nyingi zaidi?" Karibu wote watasema wa kilo 20. Kisha wakokotoe wenyewe:

19 × 3 = 57 mg
20 × 2.4 = 48 mg

Mabishano yatazuka, na ni vizuri yazuke. Waache dakika tatu. Halafu eleza sababu: mwili wa mtoto mdogo huiondoa dawa haraka zaidi, hivyo 2.4 ilikuwa inamwacha na kiwango kidogo cha dawa mwilini. Aliyebishana kuhusu 57 na 48 haisahau.

Baada ya hapo, mikono. Kila wawili wapewe vichupa vilivyokwisha muda, vilivyotengwa na famasia na kuandikwa MAZOEZI kwa kalamu nzito. Kichupa cha 60 mg: tia mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nayo, tikisa mpaka iwe angavu kabisa. Ikibaki na ukungu, tupa. Kwa mshipa ongeza mililita 5 za salaini, unapata 10 mg kwa mililita. Kwa msuli ongeza mililita 2, unapata 20 mg kwa mililita. Mtoto wa kilo 10 anahitaji 30 mg: mililita 3 kwa mshipa, au 1.5 kwa msuli. Wa kilo 25 anahitaji 60 mg, kichupa kizima.

Makosa utakayoyaona ukisimama nyuma yao: kutumia maji ya sindano badala ya salaini, kuchanganya kwa ajili ya msuli halafu kukokotoa kwa namba ya mshipa, hivyo mtoto anapata mara mbili, kuhifadhi kilichobaki kwa dozi ya saa 12, na dawa hiyo inapaswa kutumika ndani ya saa moja. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo litakaloonekana kwenye mtihani wa kuchagua A, B, C au D.

---

Tabibu_Nakuru

Nimesoma yote kwa makini, na naomba kupinga kidogo. Huku Nakuru hospitali kubwa hupokea wanagenzi wengi. Mwanagenzi wa wiki ya pili hana uzoefu wa kuuvuna. Ukimwuliza "wewe unaonaje?" unampotezea muda na kumtisha. Anahitaji kuonyeshwa hatua kwa hatua, arudie, asahihishwe papo hapo. Knowles mwenyewe mwanzoni aliweka ufundishaji wa watoto na wa watu wazima kama pande mbili zinazopingana, na kufikia 1980 alilegeza, akaviona kama ncha mbili za mstari mmoja. Mtu yuleyule anaweza kuwa mbobezi wa malaria na mgeni kabisa wa mashine mpya ya oksijeni.

Pia mhadhara usitupwe. Mwongozo mpya ukitoka, dakika 10 za kueleza nini kimebadilika ni halali. Kosa ni kuufanya uwe dakika 60.

---

MkungaMkufunzi_Kakamega

Daktari, hapo nakubali bila shaka. Nichukue mfano wa kumpulizia hewa mtoto mchanga asiyepumua, kwa mfuko wa hewa na barakoa. Mgeni: onyesha kimya kwa kasi halisi, onyesha tena ukieleza, kisha yeye aeleze huku wewe ukifanya, mwisho afanye huku akieleza. Mzoefu: mpe mwanasesere, anza saa, tazama. Ndani ya dakika ya kwanza ya uhai lazima mtoto awe amekaushwa, amechochewa, na kama hapumui hewa iwe imeanza kuingia. Kasi ni takriban pumzi 40 kwa dakika, wengi huhesabu kwa sauti "puliza, mbili, tatu". Kifua kisipoinuka: rekebisha kichwa, kisikunjwe wala kisipinduliwe nyuma mno, bandika upya barakoa, safisha mdomo, fungua mdomo kidogo, bana mfuko kwa nguvu zaidi. Mzoefu hukosea hasa kwenye barakoa inayovuja upande wa shavu, na yeye mwenyewe hajui. Anapoona kifua cha mwanasesere hakiinuki, hahitaji kuambiwa.

---

Sista_ZamuYaUsiku_Vihiga

Samahanini wakubwa, hii mipango yote ni ya watu wa mchana. Jumatano saa nane, aliyetoka zamu ya usiku amelala, na aliye zamuni hawezi kuacha wodi yenye wagonjwa 30. Wanaokosa ni walewale kila wiki, na ndio wanaobaki peke yao na mama anayetoka damu saa tisa usiku.

---

Mratibu_Nyando

Dada, umegusa penyewe. Wenzangu, mnalitatuaje?

---

MkungaMkufunzi_Kakamega

Kata kipindi vipande. Dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa wiki, wakati wa makabidhiano, palepale wodini. Jambo moja tu kila mara: wiki hii barakoa, wiki ijayo traneksamiki, inayofuata kupima damu. Mwanasesere na mfuko wa hewa vikae leba, kwenye kabati lisilo na kufuli, na karatasi ya kuandika tarehe na jina la aliyefanya mazoezi. Teua muuguzi mmoja wa kila zamu, pamoja na usiku, awe msimamizi wa mazoezi. Mfundishe huyo vizuri kwa siku nzima, ajue hasa namna ya kutoa maoni bila kumwaibisha mwenzake.

Tangu Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechunguza kumbukumbu, mwaka 1885 inajulikana kwamba kusahau huanza mapema na kwa kasi, na kwamba kurudia kwa nafasi ndiko kunakoshikisha. Saa moja iliyogawanywa mara nne ndani ya mwezi ina faida kuliko saa moja ya mkupuo. Kwenye kundi la WhatsApp la kituo weka swali moja Jumatatu na Alhamisi, la kisa, siyo la ufafanuzi: "Mtoto kilo 14, artesuneti ya msuli, mililita ngapi?" Jibu kesho yake, pamoja na hesabu. Hakuna taarifa ya mgonjwa halisi wala picha kwenye kundi hilo.

---

AfisaKliniki_Busia

Na baada ya dharura ya kweli, mazungumzo ya dakika 5 kabla zamu haijatawanyika. Maswali matatu: nini kilikwenda vizuri, nini kilituchelewesha, tubadilishe nini kabla ya kesho. Aanze mdogo kuliko wote. Daktari au in-chaji (msimamizi wa wodi) akianza, wengine watakubaliana naye tu. Na yazungumzwe kwa lugha inayotoka yenyewe. Mhudumu wa usafi aliyekimbilia damu maabara ana jambo la kusema, na Kiingereza kitamnyamazisha. Kosa la mtu lenye kuhitaji nidhamu lisiletwe hapo, lina njia yake. Likichanganywa mara moja, watu hawatasema ukweli tena.

---

Tabibu_Nakuru

Upimaji. Mtihani kabla na baada unapima kumbukumbu ya saa moja. George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, mwaka 1990 alipanga ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha, kutenda. CME nyingi huishia ya kwanza na kutoa cheti. Jitahidini mfike ya tatu kwa karatasi ya hatua zoezini, na ya nne kwa kutazama kazi halisi wiki 4 hadi 6 baadaye.

Tahadhari kwa vituo vidogo. Kama mna vizazi 60 kwa mwezi, akina mama wanaotokwa damu nyingi mno watakuwa wachache sana. Wakipungua kutoka watatu hadi mmoja haimaanishi chochote, na wakiongezeka pengine ni kwa kuwa sasa mnapima. Msihukumu mafunzo kwa namba hiyo. Hesabuni mwenendo: vizazi vingapi damu ilipimwa, wangapi walipata oksitosini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kisanduku kilikutwa kamili mara ngapi. Chora mstari ukutani leba, nukta moja kila wiki. Wahudumu waone wenyewe, msiipeleke kaunti tu.

---

Mfamasia_Bungoma

Kuhusu pointi za leseni: vipindi vya dakika 15 vinaweza kukataliwa kama havikuandikwa. Weka malengo, tarehe, mkufunzi na sahihi kwa kila kipande, kisha uliza baraza la taaluma husika mapema jinsi ya kuvijumlisha. Msingoje mwisho wa mwaka.

---

Mratibu_Nyando

Nimeandika rasimu, nisahihishwe. Wiki ya 1: kuhesabu rejista na kukagua kabati la leba na famasia. Wiki ya 2: Jumatano, damu bandia na zoezi la timu, dakika 40. Wiki ya 3 na ya 4: vipande vya dakika 15 saa moja na nusu asubuhi, Jumanne na Ijumaa, traneksamiki na mizani. Wiki ya 6: kutazama kazi halisi kwa karatasi ya hatua. Artesuneti ifuate mwezi wa pili kwa wodi ya watoto na wagonjwa wa nje. Msimamizi wa mazoezi kwa zamu zote mbili atateuliwa na mimi.

---

Sista_ZamuYaUsiku_Vihiga

Mbili tu. Msimamizi wachague wenyewe zamuni, ukiwateulia watamwona ni jicho la ofisi. Na makabidhiano ya jioni yapate kipande chake pia, saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na nusu asubuhi aliyekesha anatafuta matatu ya kurudi nyumbani, hata ukimwekea mwanasesere mkononi hasikii.

---

Mratibu_Nyando

Nimebadilisha yote mawili. Wiki ya 1 inaanza Jumatatu. Jagi, mizani ya jikoni na rangi ya keki nitapitia Kondele kuvinunua. Vipimo vya vituo vinne nitaviandika kwenye kadi, nizibandike chini ya kila bakuli ili asiyekuwa mkufunzi naye aweze kuendesha.